Mechi ya Nje ya Ligi

Wamarekani wana mchezo wanaouita futiboli, na ndani yake mguu hauna kazi ya maana. Mpira wenyewe umechongoka pande zote mbili kama kiazi. Watu wanaukumbatia, wanakimbia hatua chache, wanaangushwa, kisha wanasimama kujadiliana kama wajumbe wa kikao cha harusi. Mwanangu Lusajo anasomeshwa bure huko Marekani kwa ajili ya mchezo huo, na mpaka leo sijamwona akiugusa huo mpira. Kazi yake ni kusimama mbele ya mrushaji wa mpira na kuzuia watu wasimfikie. Kwa lugha rahisi ni mlinzi wa geti, ila geti lenyewe linakimbia.

Lakini mchezo wao siugombi. Kila watu na ujinga wao. Ninachogomba mimi ni namna wanavyopanga mechi zao, na nikianza kulisema hili mke wangu huondoka sebuleni, kwa hiyo nalisemea hapa.

Naitwa Noel. Kwetu ni Tukuyu, naishi Edmonton, London, na kazi yangu iko Hayes kwenye ghala la mizigo ya ndege, maana yake kila siku navuka London nzima kwenda kusukuma maboksi ya watu nisiowajua. Mke wangu ni Beatha. Figo zake zilishindwa kazi mwaka uleule Lusajo alipoondoka kwenda chuoni, na tangu hapo Jumanne, Alhamisi na Jumamosi anakwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Mtu wa mashine hasafiri hovyo. Akitaka kwenda Marekani lazima kwanza apate kiti cha mashine huko, bima imkubali, daktari aandike, na kila tulipojaribu kilikwama kimoja, kisha vyote vikabidi vianze upya. Lusajo naye alikuwa hatoki. Kiangazi ni mazoezi, Krismasi ni kunyanyua vyuma, Pasaka ni mazoezi tena. Chuo chake, Pell Valley, ni kidogo mno kuonyeshwa kwenye televisheni. Mechi zao huwa wanazirusha kwenye intaneti kwa kamera moja iliyofungwa juu ya nguzo, na wachezaji wanaonekana kama punje za mchele kwenye ungo.

Kwa hiyo Beatha alikuwa na hamu moja tu, na hakuificha. Alitaka kumwona mwanawe akicheza, amwone vizuri, walau mara moja.

Sasa elewa furaha ya nyumba ile siku Lusajo alipopiga simu kusema kwamba msimu ujao Pell Valley itafungua na Corrigan State, na mechi itachezwa London. Corrigan State ni chuo kikubwa. Uwanja wao unajaa watu wengi kuliko wakazi wa mji wetu mzima kule nyumbani. Walitaka kujitangaza Ulaya, wakakodi uwanja mkubwa wa Tottenham, na wapinzani waliowachagua ni hao wa mwanangu. Kutoka kwetu mpaka uwanjani ni basi moja. Beatha alikaa kwenye ngazi, akalia, kisha akacheka, kisha akaniuliza kama basi hilo linapita Jumamosi.

Sisi tuliiona kuwa ni heshima. Chuo kikubwa kiache vyuo vyote vya Marekani, kikitafute cha mwanangu? Na Mtanzania akipata heshima anafanya nini? Anaunda kamati.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Telesphor, Mhaya wa watu, ambaye hapa kaskazini mwa London ameshika uenyekiti wa kila harusi, kila msiba na kila kipaimara. Mzee yule hawezi kuona watu wawili wamesimama pamoja bila kumteua mmoja wao mweka hazina. Jioni ileile grupu la WhatsApp lilikuwa limefunguliwa kwa jina la Mapokezi ya Lusajo. Kabla ya wiki kwisha tulikuwa na katibu, MC, ukumbi wa kanisa kwa ajili ya chakula baada ya mechi, na sare. Kitenge cha kijani na chungwa, rangi za Pell Valley, kilipatikana kwa Miradie, fundi Mkongomani mwenye kiduka pale Tottenham, ambaye alishona bila kuuliza maswali mpaka siku aliyochoka akamuuliza Beatha bibi harusi ni nani.

Kikabaki kikwazo kimoja. Mechi ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi ni siku ya mashine. Nesi mmoja mwema alihangaika kwenye ratiba yao mpaka akampata Himid, mtu wa Unguja anayesafishwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Himid alikubali kubadilishana wiki ile moja: Beatha achukue Ijumaa yake, naye achukue Jumamosi ya Beatha. Tena alishukuru, kwa sababu Ijumaa ileile binti yake alikuwa anaolewa. Daktari akaridhia, akampa Beatha onyo refu kuhusu maji ya kunywa, na mambo yakawa sawa. Nililala vizuri miezi mitatu mfululizo, jambo ambalo si kawaida yangu.

Mwezi wa nne Lusajo akapiga simu. Kijana huyu tumemzaa hapahapa London, Kiswahili anakisikia chote ila majibu yake ni ya Kiingereza, na siku hiyo jibu lilikuwa fupi.

"Dad, the game's off."

Nikamuuliza off kivipi, wakati tarehe imetangazwa kanisani. Akanieleza taratibu kama mtu anayemweleza mgonjwa. Vyuo vikubwa vina ligi yao, na mechi za ligi hawana uchaguzi nazo. Jumamosi chache zinazobaki wanazijaza wenyewe kwa timu za nje ya ligi, na mikataba wanasaini miaka mingi kabla. Sasa ligi ya Corrigan imeongeza mechi moja ya ndani. Nafasi moja ya nje lazima ife. Wakatazama orodha yao, wakaona iliyo rahisi kuuawa ni yetu. Mkataba unawaruhusu kujitoa ilimradi walipe fidia, na wamelipa. Nikamuuliza chuo chake kimesema nini. Akasema chuo kimefurahi, kimepata hela bila kupanda ndege.

Nilikasirika. Niliwaandikia Corrigan State barua pepe ndefu nikiwaeleza habari za Beatha, mashine, Ijumaa ya Himid na vitenge. Nilijibiwa papo hapo na kompyuta, ikinishukuru kwa kupenda timu yao na kuniuliza kama ningependa tiketi za msimu. Nikaandika ya pili. Ikanishukuru tena.

Kumwambia Mzee Telesphor ilikuwa kazi nyingine. Kichwa chake hakikulipokea. Kwake yeye tarehe ikishatangazwa na sare ikishakatwa, kinachoweza kuiondoa ni kifo tu, tena kifo cha mtu wa karibu. Alisema kwa sauti ya uenyekiti kwamba hao watu inaonekana hawakufuatwa kwa utaratibu, na akapendekeza tutume wazee wawili wenye busara waende wakaongee nao. Wazee wawili, kutoka Edmonton, mpaka Corrigan State, kama wanaokwenda kuposa. Na mimi kwa hasira niliyokuwa nayo nilikaribia kuwachagua.

Beatha alikwenda chumbani. Aliikunja sare yake, akapanda juu ya kitanda, akaiweka juu ya kabati. Afadhali angepiga kelele. Kelele ningejua la kuzifanya.

Halafu, baada ya wiki kadhaa, Lusajo akaja na habari nyingine. Jumamosi ile sasa kwao ilikuwa tupu. Kila mtu alikwisha kupanga yake, chuo kilikuwa hakijapata wa kucheza naye, na kocha amemruhusu aje London siku nne. Hakutakuwa na mechi, lakini atakuja yeye mwenyewe. Nilimwona Beatha akipanda tena kitandani na kuishusha ile sare. Akaipiga pasi. Akamwambia Mzee Telesphor kwamba mapokezi yako palepale, uwanja ndio umebadilika, umekuwa sebule yetu. Grupu likafufuka. Mimi mwenyewe nilikubali kununua mbuzi, na nikampigia Himid kumwambia mabadilishano yetu yabaki kama yalivyo.

Unaweza kukisia kilichofuata, kwa sababu wewe si mjinga na habari za hao watu nimekwisha kukueleza. Mwezi wa saba chuo kingine kikubwa, cha kusini kabisa, kilikimbiwa na timu iliyokuwa ije kucheza nao. Wakabaki na uwanja, tiketi zimeuzwa, televisheni imelipwa, mpinzani hayupo. Wakapiga simu huku na huku kutafuta nani ana Jumamosi tupu. Pell Valley wakakubali siku hiyohiyo. Hawakuomba hata usiku mmoja wa kufikiri.

Sare ikarudi juu ya kabati. Nilijaribu kurudisha na Jumamosi ya mashine, kwa sababu daktari hakuwa anapenda lile pengo la Ijumaa mpaka Jumanne, lakini Himid aliniambia kwa adabu zote za Kizanzibari kwamba shehe amekwisha kuambiwa na biriani limekwisha kuagizwa. Sikuweza kumlaumu. Pale ndipo niliposhika simu nikampigia mwanangu, na sauti yangu nadhani ilisikika mpaka kwa jirani. Nilimwambia akatae. Nilimwambia amwambie kocha kwamba mama yake ni mgonjwa, kwamba yeye si gunia la mtu la kuhamishwa ghala hadi ghala. Nilimuuliza kama hana aibu kuchezea watu wanaompangia maisha kwa simu ya dakika moja.

Aliniacha nimalize. Kisha akaongea Kiswahili, kile chake cha kuvunjikavunjika, na nilijua ni jambo zito kwa sababu hakijawahi kumtoka kwa hiari.

"Dad, sikiliza. Hizi mechi wanatuita tupigwe. Hiyo ndiyo kazi yetu. Big school wanataka win ya rahisi mbele ya watu wao, so wanalipa small school aje apigwe. Kila mtu anajua. Nyinyi tu ndio hamjui." Akavuta pumzi. "Ile ya London walivyoifuta, mimi nilifurahi. Sikutaka Mama anione napigwa, na nyinyi wote mmevaa sare."

Mimi niliyekulia kwenye mpira, ninayejua vizuri timu kubwa ya mjini ikitaka kufurahisha mashabiki kabla ya msimu inaita timu gani kutoka mkoani, na inaiita kwa nini. Yote hayo nayajua, na bado nilishonesha kitenge nikadhani tumealikwa karamuni. Hasira iliyokuwa imeelekea Marekani ilinirudia nyumbani, na ilikuwa nzito zaidi.

Simu nilikuwa nimeiweka spika, kama kawaida yangu ninapogomba. Beatha alikuwa mlangoni mwa jikoni na kisu cha kumenyea viazi. Alikiweka chini, akaja, akaichukua ile simu mkononi mwangu.

"Lusajo. Jumamosi hiyo utacheza?"

"Yes, Mama."

"Kwenye televisheni kubwa?"

"Yes, Mama. Kubwa kabisa."

"Basi nitakuona," alisema, akanirudishia simu yangu.

Jumamosi ilipofika kamati ilikuja yote, katika sare. Nilikuwa nimemwambia Mzee Telesphor asiwaite, akanijibu kwamba chakula kimekwisha kupangwa na mbuzi hawezi kuahirishwa. Sebule yetu ni ya watu sita, waliingia kumi na wengine wakakaa ngazini. Beatha alikuwa ametoka kwenye mashine jana yake, uso umepungua kidogo, lakini alikuwa amevaa kitenge chake na kujifunga kilemba cha chungwa, na alipendeza. MC alikuwa na kipaza sauti kidogo cha betri. Nilikiona, nikakiomba, nikakiweka kwenye droo.

Kwa mara ya kwanza tulimwona mwanetu akiwa mkubwa kwenye kioo. Kamera zao zinakaribia mpaka unaona jasho. Watu walipiga vigelegele alipotoka kwenye lile tundu la chini ya majukwaa, na Mzee Telesphor akasimama kabisa, mkono kifuani, kama wimbo wa taifa unapigwa.

Vigelegele havikudumu. Sielewi sana sheria za mchezo ule, ila namba nazielewa, na namba za upande mmoja zilikuwa zinapanda wakati za kwetu zimelala. Wale vijana wa kusini walikuwa wakubwa, wepesi, na wamelishwa vizuri. Mmoja mwenye nywele ndefu zilizotoka nje ya kofia alimpita Lusajo kulia, akampita kushoto, mara nyingine akapita juu yake tu. Watangazaji walitaja jina la yule kijana, la baba yake, na la mtaa aliokulia. Wa kwetu alikuwa namba ya jezi. Uwanja mzima ulikuwa unashangilia kila mwanangu alipoanguka chini. Sebuleni watu waliacha kula. Mama mmoja alianza kusali rozari polepole, na MC akatoka nje kusikiliza simu ambayo haikuwa imelia.

Nilivumilia mpaka nikashindwa. Nikachukua rimoti, nikazima.

"Washa," alisema Beatha.

Nikamwambia haya si mambo ya mzazi kutazama. Nikamwambia mtoto mwenyewe alisema hakutaka aonekane.

"Baba Lusajo, mimi sikuvaa nguo hii kwa ajili ya ushindi. Washa nimwone mwanangu."

Niliwasha. Akavuta kigoda mpaka mbele ya kioo, karibu kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano, akatuziba sisi sote, na hakuna aliyethubutu kumwambia asogee. Nilimtazama na nikagundua kwamba mpira hakuwa anautazama hata kidogo. Mpira ulikwenda mbali, na dunia nzima ikaufuata, yeye akabaki na kona ileile ya kioo pale mwanawe alipokuwa anajizoazoa kutoka kwenye majani. Nami nikaanza kutazama alipokuwa anatazama. Nikaona kwamba Lusajo akiinuka jambo la kwanza anageuka nyuma, anamshika mkono mrushaji wake aliyeangushwa, anamsimamisha, anamweka kofia sawa, anamgonga bega. Kila mara. Timu yake ilikuwa inachinjwa, naye anarudi kumwinua yule mtu kana kwamba ndiyo kwanza mechi inaanza.

Ilikwisha. Matokeo siyaandiki hapa, mwenye haja nayo akayatafute. Watu waliagana kwa sauti za msibani na kutafuta makoti yao, na kabla hawajayapata simu ya Beatha ikalia. Ilikuwa ya video. Lusajo alikuwa chumba cha kubadilishia nguo, kitambaa cha barafu begani, macho mekundu.

"Mama. Uliniona?"

Beatha aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza, akaisogeza tena. Kijana huyo mlango wetu anaupita kwa ubavu.

"Nilikuona," alisema. "Umekonda."

Mwanangu akaanza kucheka, na kicheko kikageuka, akafunika uso kwa kile kitambaa cha barafu. Beatha hakumkataza. Alimsubiri, akimuuliza polepole kama huko wanampa chakula cha maana au mikate tu, na kama bega linauma sana au linauma kidogo. Sisi tulikuwa tumesimama nyuma yake na makoti nusu yamevaliwa, wazee na sare zetu, tukitazama ukuta.

Alipotulia alijifuta, akasema kuna jambo kocha amewaambia sasa hivi ili kuwapa moyo. Corrigan State wamesaini upya na Pell Valley. Mechi ya London ipo. Itachezwa Tottenham palepale, mwaka 2033.

Nilifungua mdomo niseme yote niliyokuwa nimeyaweka tangu mwezi wa nne, juu ya watu wanaokaa ofisini na kugawana Jumamosi za wenzao mpaka miaka ambayo Mungu mwenyewe hajaigawa. Beatha aliinua kidole kimoja bila kunigeukia, nikaufunga mdomo.

"Mwambie kocha wako ahsante," alisema. "Mimi ratiba yangu inaishia Jumanne. Wewe mkimaliza mechi zenu mwezi wa kumi na moja, panda ndege, uje usimame hapo mlangoni nikutazame. Usilete mpira."

"Nitakuja, Mama," alisema Lusajo.

Pembeni ya dirisha, Mzee Telesphor alikuwa amekwisha kuvaa miwani na kuuandika ule mwaka kwenye simu yake. Aliutazama kidogo, akaufuta, kisha akamuuliza mke wangu Jumanne anatakiwa hospitali saa ngapi, ili amsindikize.